Sakafu ya Lango la Saba

Sakafu ilimkataa Nkundwe saa mbili na dakika kumi asubuhi. Kufikia saa nne ilikuwa imewakataa wenzake arobaini.

Mimi nilikuwa juu ya paa la kituo nikifuta vumbi kwenye paneli za jua. Haikuwa kazi yangu, lakini niliipenda, kwa sababu ukiwa juu unaliona daraja lote, mto Songwe chini yake, na vilima vya ng'ambo alikozaliwa mama yangu. Taa ya lango ilipowaka nyekundu mara ya kwanza nilidhani tope limeingia kwenye vigae. Ilipowaka mara ya tano nikaanza kushuka ngazi.

Mkuu wa lango, Bwana Ntandu, alikuwa ananisubiri chini.

"Fundi Andwile, sakafu yako imepata wazimu."

"Imewakataa akina nani?"

"Wachumaji wa chai. Msimu umeisha, wanarudi kwao. Inasema hawajulikani, hawajawahi kuingia nchini." Alijifuta shingo kwa leso. "Madereva wamepita. Wafanyabiashara wamepita. Hawa kina mama ndio hawapiti. Sasa niambie, ni mbovu sakafu au ni wabovu wao?"

Swali la namna hiyo silijibu kabla ya kupima.

Nilichukua jiwe la shaba la kilo tano, nikapiga magoti mwanzo wa sakafu, nikaanza kuliweka juu ya kigae kimoja baada ya kingine. Vigae ni mia tatu na sitini, katika ujia wa mita kumi na mbili. Kila kimoja kina nyuzi chini yake zinazohisi kisigino kimefika lini, kidole gumba kimeondoka lini, uzito umeegemea upande gani. Ukitembea hatua kumi na nane hapo, sakafu inapata kitu tunachokiita unyayo, na hakuna watu wawili wenye unyayo mmoja. Ukiingia inauhifadhi. Ukitoka inaulinganisha na ule wa kuingilia, na inakupa alama. Themanini na tano kwenda juu, taa ya kijani. Chini ya hapo, hukuingia kwa njia halali, na zuio la miaka mitano linajiandika lenyewe saa sita mchana wa siku ya tatu.

Wapo wanaodhani sakafu hii ilibuniwa na watu wenye roho mbaya. Si kweli. Zamani malango yalisoma vidole, na vidole vya mchumaji wa chai baada ya misimu miwili vinakuwa laini kama kijiko. Mashine zilikuwa zinawakataa maelfu. Chama chao, Umoja wa Wachumaji, kiliandamana hadi kikaletewa sakafu, na siku ya kuifungua walicheza ngoma juu yake mpaka vigae vitatu vikapasuka. Nilivibadilisha mimi. Nilikuwa nimejifunza kazi hii mwenyewe, kwa kufungua vigae vilivyotupwa, na siku ile niliona nimechagua vizuri.

Nilimaliza vigae vyote mia tatu na sitini. Vyote vilikuwa vizima.

"Basi ni wao," alisema Bwana Ntandu, na sauti yake haikufurahi.

"Bado sijawapima wao."

"Andwile, sikiliza." Alinisogelea. "Keshokutwa mkaguzi kutoka makao makuu anakuja hapa. Ni hizo barua za Umoja kuhusu Lango la Tatu. Sitaki akute ua umejaa watu. Legeza kiwango. Kitoe themanini na tano, kiweke hamsini. Wapite wote, kisha kirudishe. Dakika kumi, jambo limekwisha. Nani ameumia?"

Alikuwa mtu mwema kwa kiasi chake, Bwana Ntandu. Lakini kiwango kikilegezwa, sakafu hupiga upya hesabu za siku nzima na kufuta alama za zamani. Hakuna ambaye angeweza kujua tena kwamba ilikosea, wala kwa nini.

"Nipe mpaka saa kumi," nikasema.

*

Ua wa kusubiria uko nyuma ya kituo. Una paa la bati, mabenchi manne, bomba moja la maji. Wanawake arobaini na mmoja walikuwa wamekaa mikono mitupu, kwa sababu mizigo yao ilikuwa imeshavuka. Kanuni mpya ilikuwa imeanza Jumatatu ile: mizigo yote ipite kwenye mkanda wa ukaguzi, na mtu apite sakafuni peke yake. Mkanda ulikuwa umeipeleka hadi ng'ambo ya daraja, na kutoka pale uani ungeweza kuyaona mabunda yao yamepangwa kwenye majani.

"Sufuria yangu inajulikana kuliko mimi," alisema mama mmoja mnene aliyesimama karibu na waya. "Iko nyumbani. Ilipita bila hata kusalimia."

Wenzake wakacheka. Huyu alikuwa Mama Tusekile, katibu wa Umoja. Nilikuwa naijua sahihi yake kuliko uso wake, kwa maana barua kumi na moja kuhusu Lango la Tatu zilipitia mezani kwetu. Kule kanuni ya mkanda ilijaribiwa mwaka uliotangulia, na watu mia moja na tisini walipigwa zuio wakiwa njiani kurudi kwao. Ofisi ilimjibu kila mara kwa sentensi ileile: sakafu haina upendeleo.

"Ndaga, mama," nikamsalimu.

"Ndaga, mwanangu. Umekuja kutufukuza au kutuhesabu?"

"Kuwapima." Nilikuwa na mkeka wa kupimia kwapani, vigae vya kukunjwa vyenye urefu wa hatua sita. Niliutandika kutoka mabenchi hadi bombani.

"Ametutandikia mkeka! Jamani, tumekuwa maharusi!"

Walipita mmoja mmoja, kwa utani na vigelegele, nami nikasoma kwenye kioo cha mkononi. Hamsini na nane. Sitini na moja. Hamsini na tano. Walikuwa watu wazima wanaotembea vizuri, miguu yao haina kasoro, na sakafu ilikuwa haiwajui kabisa.

Wa mwisho alikuwa Nkundwe, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, anayechechemea mguu wa kulia. Alipata hamsini na mbili.

"Mguu umefanya nini, dada?"

"Niliteleza mwezi wa tatu, kwenye mteremko, kapu likiwa mgongoni. Ulivunjika chini ya goti. Nesi wa shamba akaufunga vijiti." Aliukunja na kuukunjua kunionyesha. "Unafanya kazi. Ila hauna adabu."

"Ana haraka huyo," Mama Tusekile akasema. "Alimwacha mtoto anatambaa. Sasa anatembea."

"Nimeambiwa tu kwa simu," alisema Nkundwe. "Mama yangu aliweka simu sakafuni nisikie. Tap, tap, tap, puu. Akaanguka. Nikacheka mpaka nikalia. Sijamwona hata hatua moja."

Nilikuwa nimeanza kukunja mkeka. Mama mmoja alikuwa ameshachota maji, akajitwika ndoo juu ya ngata aliyoifunga kwa kanga, akapita juu ya mkeka kabla sijauondoa. Kioo kikalia mkononi mwangu.

Tisini na tatu.

Nilikifuta kwa mkono wa shati, nikakitazama tena. Kisha nikamwomba arudi bombani, arudie. Tisini na mbili. Nikamwomba mwingine ajitwike ndoo ileile. Tisini na moja.

Mtu mwenye mzigo kichwani hutembea kama mtu mwingine. Shingo inanyooka, nyonga hazichezi, hatua zinakuwa fupi na unyayo unatua wote kwa pamoja. Sakafu haikuwa imekosea. Iliwahifadhi wanawake hawa wakiwa wamejitwika, na ilikuwa inawasubiri watokee hivyohivyo. Miaka yote walikuwa wanatoka na mizigo yao kichwani, kwa hiyo hakuna aliyegundua, hadi ulipokuja mkanda.

Na mimi nilijua ni nani aliyewahifadhi.

Ilikuwa Oktoba, mvua ya kwanza. Kwa kawaida yao, watu wa ng'ambo hawaendi kufanya kazi kwa watu bila kuchukua chipukizi la mgomba kutoka kwao, kwa ajili ya mwenyeji atakayewapa pa kulala. Wanalibeba kichwani njia nzima. Na mgeni hajitui mzigo mwenyewe. Anasimama mbele ya mwenyeji na kungoja, na mwenyeji ananyoosha mikono na kumtua. Mgeni akijitua mwenyewe anakuwa amesema kwamba hapa hapana mtu.

Kitabu cha kazi kinasema wazi: anayeandikishwa asiwe na kitu kichwani wala mkononi. Siku ile walisimama mbele yangu, mmoja baada ya mwingine, machipukizi yakichuruzika maji, wakingoja. Nilielewa wanangoja nini. Mama yangu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kusoma. Lakini nilikuwa nimevaa sare, foleni ilifika darajani, na niliona kwamba nikimtua wa kwanza nitakuwa nimewakaribisha watu mia tatu kwa jina la ofisi ambayo haikunituma kumkaribisha yeyote. Nikasema, "Piteni tu." Wakapita na mizigo yao.

Nkundwe alikuwa ananitazama. "Fundi, umeona nini?"

"Njoo," nikasema. "Nikutwike ndoo."

Na mzigo kichwani alipata sabini. Mguu ule ulikuwa umebadilika, na hakuna ndoo ambayo ingeurudisha.

*

Ningeweza kurudi ofisini na kuamua peke yangu. Niseme ukweli, nilifika hadi mlangoni. Nilishika kitasa, nikakiachia, nikarudi uani. Niliwaambia yote, kuanzia Oktoba, bila kuficha kwamba kosa lilikuwa langu.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja wa nyuma akasema taratibu, "Nilikukumbuka. Nilisema, huyu kijana kwao hawana mikono." Ilinichoma kuliko matusi.

"Kuna njia mbili," nikaendelea. "Nikilegeza kiwango, mnapita leo wote arobaini na mmoja. Lakini alama zitafutika. Mkaguzi atakuta sakafu safi, na wale wa Lango la Tatu watabaki na zuio lao, kwa sababu hakutakuwa na kitu cha kuonyesha. Njia ya pili ni kungoja hadi Ijumaa asubuhi mkaguzi aje, tumwonyeshe mbele ya macho yake. Zuio lenu linajiandika Ijumaa hiyohiyo, saa sita mchana. Akikataa kutuelewa kabla ya hapo, hamtaweza kuvuka tena kuja huku kwa miaka mitano."

"Sisi wengine hatuna shamba ng'ambo," alisema mmoja. "Bila chai hii tutakula nini?"

"Nami nina dada zangu watatu wameolewa huku," mwingine akasema. "Miaka mitano si nitakuta wamezeeka?"

"Legeza!"

"Wee, nyamaza! Mume wa mdogo wangu yuko kwenye ile orodha ya Lango la Tatu."

Walibishana kwa muda mrefu, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa lugha yao. Mama Tusekile aliwaacha waseme. Mwishowe akanigeukia.

"Hujamaliza wewe. Kuna kitu umekibakiza mdomoni."

Nilimtazama Nkundwe. "Njia ya pili huenda isimsaidie huyu. Wengine mtapata alama zenu mkijitwika. Yeye hatazipata. Ile ya kwanza inamvusha leo, kwa uhakika. Alama mbili zaidi ya hamsini."

Mama Tusekile alikaa chini, kisha akasema, "Basi tumemaliza. Alegeze. Hatuwezi kumnunulia mtu mwingine njia kwa mguu wa mtoto wetu."

"Ni mguu wangu," alisema Nkundwe. "Mbona mnaugawana?"

"Nkundwe—"

"Ngoja, mama." Alinigeukia. "Fundi, ukinivusha leo, Oktoba nikirudi nitapita tena hapa?"

"Ndiyo."

"Na mguu huuhuu."

"Utaandikishwa upya na mguu huo. Lakini ukipona zaidi, au ukiumia tena, itakukataa wakati wa kutoka."

"Na wewe utakuwepo, ulegeze tena?"

Nilifikiri. "Sijui."

"Basi unaona." Alikaa kwenye benchi na kuunyoosha mguu mbele yake. "Mwili wa kazi haukai vilevile. Leo ni mimi, kesho ni kiuno cha Mama Tusekile. Mimi nataka mtu mkubwa aje auone mguu huu na aseme kwa mdomo wake kama ananijua au hanijui. Mtoto ametembea bila mimi wiki tatu. Siku mbili hazitamfanya aache."

Nikaenda kumwandikia Bwana Ntandu karatasi.

Aliisoma mara mbili. *Walioandikishwa Oktoba waliandikishwa kinyume cha kitabu. Kosa ni langu.* Sahihi, tarehe.

"Watakunyang'anya leseni," alisema.

"Labda."

"Na mimi nitaulizwa nilikuwa wapi." Aliikunja karatasi kwa nne, akaitia mfuko wa shati. Kisha akasema, "Waambie wa jikoni wapike maharage ya watu arobaini na mmoja. Na chapati. Wasiseme tumewalaza na njaa."

Jioni ile Mama Tusekile alimpigia simu Bibi Subilaga, mwenyeji wao kule juu kwenye mashamba ya Ilalabwe. Kwa kupima ndoo tungeweza kumshawishi mtu anayetaka kushawishika. Mimi nilitaka mzigo uleule wa Oktoba, uzito uleule, ngata ileile. Na machipukizi yale yalikuwa yamepandwa, yamekua, na kila moja lilikuwa limetoa watoto.

Alhamisi mchana pikipiki ya umeme yenye tela ilishuka kutoka milimani. Bibi Subilaga, mdogo wa umbo na mwenye sauti ya kuamrisha, aliteremka na kuanza kugawa bila karatasi yoyote.

"Hili limetoka kwa mgomba wa Tusekile. Hili la Nkundwe. Usichukue hilo, wewe lako lilikuwa fupi, lilinipa shida."

*

Mkaguzi alifika Ijumaa saa tatu. Bi. Shekilindi, mwanamke wa makamo, suti ya rangi ya maziwa, miwani, mkoba mmoja. Hakutaka chai. Alisoma karatasi yangu amesimama.

"Kwa hiyo unasema sakafu ni nzima na kitabu ni kizima, na wewe ndiye mbovu."

"Ndiyo, mama. Na kanuni ya mkanda imelifichua kosa langu. Nadhani Lango la Tatu alikuwepo mwingine kama mimi."

"Unadhani."

"Nadhani. Sijapima kule."

Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Nionyeshe. Lakini kwanza niambie, nitajuaje kwamba sakafu yako haimpitishi yeyote mwenye mgomba kichwani?"

Lilikuwa swali zuri, na nilikuwa nimelitarajia. Nilimwomba Bwana Ntandu ajitwike chipukizi na kupita kwa jina la Mama Tusekile. Alipita kama mtu anayebeba yai la mbuni, mikono yote miwili juu, na wanawake waliokuwa mlangoni wakaanguka kwa kicheko. Nyekundu. Kumi na tisa. Kisha Mama Tusekile akapita kwa jina la jirani yake. Nyekundu, arobaini na nne. Kisha akapita kwa jina lake mwenyewe.

Kijani. Tisini na nne.

Mwisho wa sakafu alisimama, mzigo kichwani, akingoja.

Safari hii nilikwenda. Nilinyoosha mikono, nikamtua. Tope lilinidondokea kifuani. "Pole na mzigo, mama," nikasema.

"Umechelewa miezi minane," alisema kwa upole. "Lakini umefika."

Nikamtua wa pili, na wa tatu. Taa ilikuwa kijani, kijani, kijani. Bi. Shekilindi aliandika kila alama kwa mkono wake. Nilipofika wa arobaini mabega yalikuwa yananiuma na machipukizi yalikuwa yamejaa ukutani.

"Kwa mila yetu," Mama Tusekile alimwambia mkaguzi, "anayekutua ndiye mwenyeji wako, na mzigo ni wake. Huyu kijana amejipatia wageni arobaini kwa asubuhi moja. Sijui atawalaza wapi."

Mkaguzi hakucheka, lakini alifunga daftari taratibu. "Nyayo za Oktoba ni batili. Nyayo, siyo watu. Hawa wanavuka leo, na wataandikishwa upya wakirudi. Mafaili ya Lango la Tatu nitayafungua, na kila aliyezuiwa atapimwa akiwa na mzigo." Akanigeukia. "Leseni yako imesimamishwa kwa miezi sita. Naona unaelewa."

"Naelewa, mama."

"Bado mmoja," alisema Nkundwe.

Alikuwa ameshajitwika. Alipita ujia wote kwa hatua zake za kuchechemea, shingo imenyooka, chipukizi halikutikisika hata jani. Taa ikawaka nyekundu. Sabini.

Alisimama mwisho wa sakafu. Nilipiga hatua kumfuata, na Mama Tusekile akanishika mkono wa shati. "Acha," alininong'oneza. "Wewe umeshatua wako."

Saa ya ukutani ilisema tano na dakika ishirini.

"Kwa nini hashushi?" aliuliza mkaguzi.

"Anangoja mwenyeji, mama," nikasema.

"Mwenyeji gani? Hiki ni kituo cha mpaka."

Nkundwe alikuwa anatazama mbele, jasho likimshuka kwenye nyusi.

"Mguu," alisema Bi. Shekilindi.

"Niliteleza mwezi wa tatu, mama. Mteremko wa mashamba ya Ilalabwe, mstari wa kumi na nne. Chai ile inanywewa hadi kwenu mjini."

"Kuna anayethibitisha kwamba ndiye wewe uliyeingia Oktoba?"

"Sisi," walisema wanawake arobaini. Bibi Subilaga, kutoka dirishani, akasema, "Na mgomba wake."

"Kanuni haina mahali pa kuandika 'sisi'."

"Ina fomu namba tisa," nikasema. Nilikuwa nimeisoma usiku wa kuamkia siku ile, na usiku uliotangulia pia. "Ofisa anaweza kumtambua mtu kwa ushahidi wake mwenyewe, aweke jina lake kama mdhamini na sababu ya kumruhusu arudi. Haijawahi kutumika hapa."

"Najua haijawahi kutumika. Ikikosewa, aliyekosea ni ofisa, siyo sakafu." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akamtazama Nkundwe, akamtazama kwa muda mrefu, jinsi alivyotakiwa kutazamwa na mtu tangu Jumatano. "Ni zito?"

"Limeanza kuwa zito, mama."

Bi. Shekilindi aliweka mkoba wake mezani. Alitembea hadi mwisho wa sakafu, na vigae vikahesabu hatua zake bila kumwuliza chochote. Alinyoosha mikono na kulishika lile chipukizi pande zote mbili, vibaya kidogo, kama mtu ambaye zamani alijua. Akamtua. Tope likashuka kwenye suti ya rangi ya maziwa kutoka bega hadi kiunoni.

"Pole na mzigo," alisema.

Nkundwe alifungua ngata kichwani, akajifutia uso.

Dakika kumi baadaye walikuwa darajani, wote arobaini na mmoja, mikono mitupu, wakiyafuata mabunda yao. Tuliwatazama kutoka mlangoni. Nkundwe alikuwa wa mbele, na kwa kuchechemea kule alikuwa anawaacha wengine.

Bi. Shekilindi alikuwa bado amelikumbatia chipukizi.

"Sasa hili nalipeleka wapi? Mimi naishi ghorofa ya kumi na moja."

"Ni lako, mama," alisema Bibi Subilaga. "Tafuta kipande cha ardhi. Shimo la mkono mmoja, samadi, maji jioni. Mwaka ujao, Mungu akipenda, litazaa. Lakini mkungu wa kwanza usiuguse. Ule huliwa pamoja na aliyeuleta."

"Yeye yuko ng'ambo."

"Basi itabidi aje."

Mkaguzi alilisimamisha chipukizi ukutani kwa uangalifu, akaketi, akavuta fomu namba tisa. Aliandika jina la Nkundwe, na chini yake lake mwenyewe. Alipofika penye sababu ya kumruhusu kurudi, kalamu ilisimama kidogo. Nilikuwa nyuma yake, nikaona alichoandika, kwa herufi kubwa zinazosomeka.

*Mkungu wa kwanza.*

Akapiga muhuri.